Tairi la Tandemu: Namna ya Kuchagua Upana, kwa Mwendo na kwa Mgongo

Hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, haipiti wiki bila mtu kunijia karakana au kunipigia simu kutoka Mbale au Busia na swali lile lile: "Fundi, nimepata baiskeli ya watu wawili. Niweke tairi la upana gani?" Karibu kila mmoja ameshajijibu kabla sijafungua mdomo. Anataka jembamba, kwa kuwa jembamba ndilo la mbio. Jibu hilo linaumiza watu migongo, linakata spoku, na wala halimfikishi mtu mapema. Kwa hiyo nimeandika jibu langu lote, hatua kwa hatua. Lisome tandemu yako, yaani hiyo baiskeli ya watu wawili, ikiwa mbele yako.

Mimi mwenyewe naendesha tandemu. Nakaa mbele, na mdogo wangu, ambaye haoni, anakaa nyuma. Siku moja tulirudi kutoka Mbale na matairi ya milimita 28 niliyoyajaza mpaka yakawa kama jiwe. Mimi nilishuka nikiwa mzima. Yeye alishuka, akashika ukuta wa karakana kwa mikono miwili, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, kesho mimi naenda kwa miguu." Nilikuwa naliona kila shimo, nikijiinua kidogo kwenye kiti. Yeye alikuwa haoni kitu, na kila shimo lilimpata amekaa. Hata wa nyuma mwenye macho mazima haoni ila mgongo wa mwenzake. Hapo ndipo nilipoanza kupima matairi badala ya kukisia, na kila utakachosoma hapa kinaanzia kwa huyo aliye nyuma.

Kwa nini tandemu ina hesabu yake

Tandemu ni baiskeli moja yenye mzigo wa mbili. Watu wawili wa kilo 70 kila mmoja, na baiskeli yenyewe kilo 20, ni kilo 160 juu ya matairi mawili. Gurudumu la nyuma peke yake linaweza kubeba kilo 85 na zaidi, wakati baiskeli ya kawaida yenye mtu mmoja hulibebesha kama kilo 50.

Mmarekani mmoja, Frank Berto, aliyepima matairi kwa miaka mingi, alituachia kanuni ambayo mafundi bado tunaitumia: tairi likibeba mzigo wake libonyee kama asilimia 15 ya kimo chake. Pungufu ya hapo ni gumu mno, na likizidi hapo rimu iko hatarini. Sasa fanya hesabu. Tairi la milimita 28 lenye kilo 85 juu yake linadai karibu psi 140 (psi ni kile kipimo cha upepo unachosoma kwenye geji) ili libonyee kiasi hicho. Soma ubavu wa matairi ya upana huo: mengi mwisho wake uko chini ya hapo. Kwa hiyo utaendesha tairi lililopita mpaka wake, au tairi lenye upepo pungufu. Tairi la 40 kwa mzigo huo huo linatosheka na karibu psi 80.

Na mwendo je? Jan Heine, mpimaji mwingine wa matairi, wa huko Seattle, Marekani, alipima matairi kwenye barabara halisi, akakuta kwamba tairi gumu linalorukaruka linapoteza nguvu nyingi kwa mtikisiko. Miili inapotikiswa, misuli inameza nguvu ambayo ingesukuma gurudumu. Kwenye tandemu ni miili miwili inayotikiswa. Nadharia inatosha.

Andaa hivi kwanza

- Rula ya chuma yenye milimita.
- Penseli ya kawaida, mpya, isiyochongwa. Utaona kazi yake.
- Mizani ya kupimia mahindi au kahawa, ya kilo 100 au zaidi. Omba kwa mwenye duka la nafaka, dakika kumi zinatosha.
- Kipande cha ubao au matofali yenye kimo sawa na cha mizani.
- Pampu yenye geji. Kubonyeza kwa kidole gumba hakutoshi kwenye tandemu, hata kama umekuwa fundi miaka ishirini.
- Vijiko vya tairi, pamba kidogo, na sabuni ya maji.
- Mwenzako wa safari, na mtu wa tatu wa kushika baiskeli.

Hatua ya 1: Soma namba zilizo ubavuni mwa tairi

Tafuta namba mbili zenye mstari katikati, mfano 37-622 au 47-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu. Hiyo ya pili haina mjadala: lazima ilingane na ya rimu yako, namba kwa namba.

Ninasisitiza kwa sababu hapa kwetu kuna "ishirini na nane" mbili, na dukani zinatundikwa msumari mmoja. Tairi la 28 x 1½ la baiskeli nyeusi, ile tunayobebea ndizi na magunia, ni 635. Tairi la baiskeli zinazokuja kutoka Ulaya, linaloandikwa 28 au 700C, ni 622. Zimepishana milimita 13. Kwenye "ishirini na sita" pia kuna mtego: ile ya baiskeli za milimani ni 559, na ile ya 26 x 1⅜ ni 590.

Kijana mmoja aliniletea tandemu yenye rimu za 622, mkononi ana matairi mapya ya 635. Aliyemuuzia alimwambia ni saizi moja. Tuliyavalisha kwa vidole bila kijiko hata kimoja, na mimi badala ya kushtuka nikafurahi kwamba kazi ni rahisi. Upepo ulipofika kama psi 40, ubavu mmoja ulipanda juu ya rimu, tyubu ikachomoza kama puto jeusi, ikapasuka. Masikio yalinilia mpaka jioni. Fikiria ingepasuka barabarani na watu wawili juu yake. Tairi linaloingia kwa ulaini wa namna hiyo lishuku, uitafute namba yake upya.

Tandemu iliyounganishwa na mchomeleaji kwa fremu mbili za baiskeli nyeusi huwa na rimu za 635. Hapo uchaguzi wako wa upana ni mdogo, kwa kuwa tairi la rimu hiyo karibu lote ni la milimita 40. Si upana mbaya. Ruka mpaka hatua ya 4.

Hatua ya 2: Pima nafasi kwenye fremu na uma

Tairi pana lisilopita kwenye fremu halina faida. Toa gurudumu la nyuma, upime kwa rula nafasi kati ya mabomba mawili ya chini, pale ukingo wa tairi unapopita. Pima pia chini ya daraja la breki, yaani kile kipande cha fremu inapofungwa breki ya nyuma, na juu ndani ya uma wa mbele, ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele. Chukua nafasi ndogo kuliko zote.

Sasa toa milimita 14. Kinachobaki ndicho upana wa mwisho wa tairi lako. Nafasi ikiwa 56, tairi lisizidi 42. Hiyo 14 ni unene wa penseli mara mbili, kwani penseli ya kawaida ina kama milimita 7. Baada ya kufunga tairi, ipitishe penseli kila upande. Ikipita bila kugusa, uko salama. Baiskeli ya mtu mmoja unaweza kuibania kidogo, tandemu hapana: wawili wakisimama kwenye pedali kupanda kilima, gurudumu la nyuma linajipinda na fremu inajipinda nayo.

Kuna na habari ya udongo. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, udongo mwekundu unanata kwenye tairi kama ugali kwenye mwiko. Mwenye nafasi ya milimita 3 atashuka kila mita mia moja kukwangua na kijiti. Ukitaka madigadi, pima nafasi yakiwa yamefungwa.

Angalia na breki. Breki zile fupi za baiskeli za mbio, zinazokumbatia tairi kutoka juu, mara nyingi hukomea milimita 28 au 32. Breki za mikono mirefu ya pembeni, na za diski, hazina shida hiyo.

Hatua ya 3: Pima rimu kwa ndani

Vua tairi, uweke rula ndani ya rimu kutoka ukuta hadi ukuta, bila kuhesabu unene wa kuta. Tairi liwe na upana wa kati ya mara moja na nusu na mara mbili na nusu ya kipimo hicho. Rimu ya 19 kwa ndani inabeba vizuri tairi la kuanzia 28 hadi 47. Ukivalisha tairi la 55 kwenye rimu nyembamba, kwenye kona utahisi sehemu ya nyuma inateleza pembeni kama ng'ombe aliyekanyaga tope.

Ukiwa hapo hapo, pitisha kidole juu ya utepe wa rimu. Kama kichwa cha spoku kinakuchoma, badilisha utepe leo. Kama kuta za rimu zimeliwa na breki mpaka zimeingia ndani kama sahani, usinunue tairi lolote kabla ya kununua rimu.

Hatua ya 4: Pima uzito unaobebwa na kila gurudumu

Watu wanaruka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kujisumbua. Usiiruke.

Weka mizani chini ya gurudumu la nyuma, na ubao au matofali chini ya la mbele ili baiskeli ikae sawa. Sogeza karibu na ukuta. Pandeni wote wawili na mizigo yenu ya kawaida, yaani maji, pampu na mkoba, mkae kama mnavyoendesha, mikono kwenye usukani. Wa tatu ashike tu kuzuia isianguke, asibebe uzito. Soma kilo. Kisha badilisha mizani iende mbele.

Kwangu mimi na mdogo wangu nyuma hutoka kilo 86, mbele 73. Yenu itatofautiana, hasa kama mzito ndiye anayekaa nyuma. Andika namba zote mbili kwa wino ndani ya mkoba wa vifaa, kwa sababu utazitumia tena kila ukibadilisha matairi.

Hatua ya 5: Amua upana kwa barabara zako halisi

Hapa usijidanganye. Jiulize wiki iliyopita ulipita wapi. Barabara unayoiota iache.

*Lami nzuri tupu.* Mnaendesha Kampala kwenda Jinja au Tororo kwenda Mbale, na hamtoki kwenye lami: milimita 35 hadi 40. Chini ya 32 sishauri kwa tandemu yoyote ya hapa kwetu, hata kama nyote ni wepesi. Lami yetu ina matuta kila kijiji, na ukingo wake umemeguka. Lori likikusukuma pembeni, tandemu ndefu hairuki kurudi juu ya ule ukingo. Inaupanda taratibu, na tairi jembamba linajibana ubavuni hapo.

*Lami na vumbi nusu kwa nusu.* Walio wengi wako hapa: milimita 42 hadi 50. Ndio upana ninaoutumia mimi, 47, na ukinilazimisha nichague tairi moja kwa Uganda nzima ningetaja hilo bila kusita. Kwenye lami sijaona likinichelewesha kiasi cha kulalamika, na kwenye changarawe nawapita wenye matairi membamba wakiwa wanasukuma.

*Vumbi, mawe, njia za mashambani.* Milimita 50 na kuendelea, kama fremu inaruhusu.

*Milima mirefu.* Mnaoshuka kutoka Kapchorwa, au mnaokwenda Kabale hadi Kisoro, ongezeni ukubwa mmoja juu ya uliochagua. Mteremkoni breki za rimu zinachemsha rimu, na tandemu inachemsha mara mbili ya baiskeli ya kawaida. Joto linapandisha upepo. Tairi pana lenye upepo wa wastani lina nafasi ya kupanda. Jembamba lililokwisha kufika mwisho wake halina. Shukeni kwa vituo. Simameni, mzipumzishe rimu, na msizishike kwa kiganja.

Kama fremu inabana mbele kuliko nyuma, si kosa kuweka matairi mawili tofauti. Lililo pana liende nyuma, kwa sababu uzito uko huko na mtu asiyeona njia yuko huko.

Hatua ya 6: Chagua tairi lenyewe

Upana peke yake hautoshi. Matairi mawili ya 42 yanaweza kuwa tofauti kama chapati na ubao.

Lishike tairi ubavuni kwa vidole viwili, ulikunje. Likikunjika kwa ulaini na kurudi, litameza mtikisiko na litakwenda kwa urahisi. Likigoma kama ngozi ya ngoma, litakula nguvu yenu hata likiwa pana. Lakini kwa tandemu usichukue lile laini sana la mashindano, lenye ubavu kama karatasi. Ubavu wake unachanika kwa jiwe moja lenye ncha.

Tafuta pia namba ya mzigo wa mwisho kwa kilo. Matairi mengi ya safari yanayo. Iwe juu ya kilo ulizopima nyuma kwenye hatua ya 4, na iachie nafasi. Kama haikuandikwa, chagua pana zaidi.

Meno ya tairi: kwa lami, chagua lililo karibu na laini. Meno makubwa ya baiskeli za milimani yananguruma kwenye lami, na kila jino linalojipinda ni nguvu iliyopotea. Watu wananiambia meno yanazuia kuteleza lami ikiwa na maji. Kwa baiskeli si kweli. Kinachoshika lami ni mpira wenyewe. Kwa changarawe, meno madogo ya pembeni yanatosha. Kwa tope jekundu la mvua hakuna meno yatakayokuokoa. Shukeni msukume.

Hatua ya 7: Tyubu na mdomo wake

Tyubu iandikwe upana unaohusisha tairi lako. Tyubu ya 28 ikivutwa ndani ya tairi la 47 inakuwa nyembamba kama puto, na kila mwiba unaipata.

Kuhusu mdomo wa kujazia upepo: tyubu nyingi za baiskeli nyeusi zina mdomo wa zamani wenye kile kimpira kidogo cha ndani. Unafaa kwa baiskeli ya kubebea maji, lakini haukuruhusu kusoma upepo sawasawa kwa geji. Badilisha uweke tyubu yenye mdomo kama wa gari. Tundu la rimu ni lile lile, hutoboi kitu. Tyubu za mdomo mwembamba zinafaa pia kama rimu yako ina tundu dogo, ila ukitoboka kijijini huenda usipate ya kununua.

Hatua ya 8: Funga

Pitisha pamba ndani ya tairi lote kabla ya kuweka tyubu, hata tairi jipya. Jaza tyubu kidogo iwe na umbo, uiweke, kisha funga tairi ukimalizia upande wa mdomo. Paka sabuni ukingoni. Jaza nusu, zungusha gurudumu, uangalie ule mstari mwembamba wa ukingo: lazima uwe umbali sawa na rimu mduara mzima. Palipozama, punguza upepo, ukande kwa mikono, ujaze tena.

Kwenye kituo cha mafuta, omba kujaza mwenyewe. Mashine ile inazoea tairi la gari; la baiskeli inalijaza kwa sekunde chache na kulipasua kwa sekunde ya ziada. Bonyeza, achia, pima, bonyeza tena.

Hatua ya 9: Weka upepo kwa kipimo

Hizi ndizo namba ninazoanzia kwa gurudumu lenye kilo 85:

- Milimita 32: psi 110
- Milimita 37: psi 85 hadi 90
- Milimita 42: psi 70
- Milimita 47: psi 58
- Milimita 50: psi 52

Kwa gurudumu la mbele lenye kilo kama 72, punguza karibu asilimia 15. Lenu likiwa na kilo zaidi au pungufu, panda au shuka kwa uwiano huo huo. Na namba ya mwisho iliyoandikwa ubavuni isipitwe, hata kama jedwali langu linasema vingine. Namba iliyo ubavuni ikiwa chini ya unayoihitaji, tairi hilo ni jembamba kwenu.

Onyo kwa waliotoka kwenye tairi jembamba: msichukue upepo wa zamani na kuuingiza kwenye tairi pana. Psi ile ile kwenye tairi pana inaivuta rimu kwa nguvu kubwa zaidi. Nimeona ukuta wa rimu umefunguka kama kopo la samaki kwa sababu ya mtu aliyejaza 47 kwa psi 100.

Kisha hakikisha kwa rula. Baiskeli ikiwa haina mtu, pima kutoka ardhini hadi ukingo wa rimu. Pandeni, apime tena yule wa tatu. Tairi la 47 likishuka milimita 7, mko sawasawa. Likishuka 3, punguza. Likishuka 12, ongeza.

Hatua ya 10: Jaribuni mteremkoni

Tafuteni mteremko mdogo wenye uwanda mwisho wake, asubuhi kabla upepo haujaanza kuvuma na kabla ya malori. Wekeni alama ya kuanzia. Achieni bila kupiga pedali, mkae vile vile, muone mnakomea wapi, mweke jiwe. Rudieni mara tatu. Punguzeni psi 5 kila gurudumu, mara tatu tena. Kisha psi 5 nyingine.

Wengi hushangaa hapa. Jiwe la mbali zaidi mara nyingi si la upepo mwingi zaidi. Mkiwa na matairi mawili ya kulinganisha, pimeni kwa njia hii hii badala ya kubishana.

Na muulize wa nyuma kabla hujatoa maoni yako. Wangu nikimuuliza huwa anajibu kwa sehemu ya mwili: "mikono", "kiuno", "sawa". Akisema kiuno, napunguza nyuma psi 3. Akisema mikono, naangalia kwanza usukani wake kabla ya tairi.

Mambo yakienda kombo

*Tyubu ina matundu mawili yanayotazamana.* Tairi lilibanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo. Upepo ni mdogo au tairi ni jembamba. Ongeza psi 5. Ikijirudia, ongeza upana.

*Pancha inarudi pale pale kila siku chache.* Kwenye barabara ya Malaba malori yanapasua matairi, na zile nyuzi za waya zinabaki ukingoni mwa lami, nyembamba kama unywele. Uzi mmoja wa waya unajichoma kwenye tairi, huuoni kwa jicho, na kidole kinaupita. Geuza tairi ndani nje, pitisha pamba taratibu. Itakapokwama na kuacha unyuzi mweupe, hapo ndipo. Utoe kwa koleo dogo. Kuvuta kwa meno, kama nilivyomwona mtu akifanya, kutakuachia kipande ndani.

*Tundu liko upande wa ndani wa tyubu, unaotazama spoku.* Tairi halina kosa. Ni utepe wa rimu.

*Baiskeli inayumba mbele kama imelewa.* Pima upepo wa mbele kwanza. Kwenye tandemu pungufu ya psi 10 inatosha kuleta hali hiyo. Ukiwa sawa, shika gurudumu ulitikise pembeni: huenda bearingi zimelegea.

*Mnahisi wazito kwenye lami ingawa upepo ni sahihi.* Inua gurudumu, ulizungushe, usikilize. Breki inayogusa kidogo ni kosa la kawaida baada ya kubadilisha upana. Kama haigusi, kunja ubavu wa tairi kama hatua ya 6. Huenda mmenunua ubao.

*Spoku za nyuma zinakatika.* Tairi gumu linachangia, lakini zikishakatika mbili, gurudumu zima linahitaji kukazwa upya na fundi. Gurudumu la nyuma la tandemu lenye spoku 36 linalegea haraka. Likisukwa upya, omba rimu na habu (kitovu cha gurudumu) za spoku 40.

*Tairi jipya linasugua fremu baada ya siku mbili, ingawa mwanzoni penseli ilipita.* Matairi hutanuka kidogo yakishakaa na upepo. Pima tena upana wake kwa rula. Likiwa limezidi milimita moja au mbili, angalia kwanza kama gurudumu limekaa katikati ya fremu na nati zake zimekazwa. Mara nyingi mnyororo umelivuta upande mmoja. Likiwa katikati na bado linasugua, livue upeleke mbele, kwa kuwa uma huwa na nafasi zaidi, na nyuma uweke lililo pungufu kwa ukubwa mmoja mpaka upate fremu nyingine.